Kitambora na ndugu wasiojulikana

Wanafunzi wangu wa isimu hawahitaji kushawishiwa kwamba nambari hurithiwa, kwa sababu wanajua kuwa tatu ya Kiswahili ni tatu pia katika Kikongo na ni kuthathu katika Kizulu. Ndiyo maana ninapofundisha Kitambora, lugha iliyozungumzwa chini ya volkano ya Tambora katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, huanza kwa kuandika ubaoni moja hadi tano: seena, kalae, nih, kude-in, kutelin.

Maneno hayo yametoka katika orodha isiyofikia maneno 50, iliyokusanywa Raffles alipokuwa akiitawala Java kwa niaba ya Waingereza, ikachapishwa mwaka 1817. Tahajia ni ya sikio la Mwingereza, hivyo seena pengine isomwe "sina". Hatuna sentensi hata moja. Wenye lugha walikuwa wameangamia Aprili 1815, mlima ulipolipuka na kuwafukia.

Jirani zao Wabima huhesabu ica, dua, tolu, upa, lima, nao wamo katika ukoo wa Austronesia, ulioenea hadi Madagaska, ambako tano ni dimy. Kitambora hakifanani nao. Wapo waliokihusisha na lugha za Mon-Khmer za Asia bara, lakini Wakambodia, ambao lugha yao ni mojawapo, huanza na muoy, pii, bei, na sita yao hutamkwa "tano-moja", ilhali sita ya Kitambora, bata-in, haina dalili ya kutelin wala ya seena.

Mwaka 2007 mwanaisimu Mark Donohue alitoa hoja kwamba ni lugha ya Kipapua. Naikubali, ila msomaji asidanganywe na jina: Kipapua si ukoo, ni kapu tunamotia lugha za Guinea Mpya na visiwa vya jirani zisizo za Austronesia, hata kama hazina nasaba. Lugha za Kipapua zilizo karibu zaidi na Tambora ziko upande wa visiwa vya Alor, Pantar na Timor, na Pantar yenyewe iko zaidi ya kilomita 600 mashariki. Waabui wa Alor huhesabu nuku, ayoku, sua, buti, yeting. Mwenye pupa ya kupata ndugu ataidaka buti na kuiunganisha na bata-in, lakini buti ni nne na bata-in ni sita, na kwa maneno machache kiasi hiki mfanano mmoja wa bahati unaweza kuzaa ukoo mzima wa uongo.

Katika kitini changu nimeiandika kuwa lugha pweke isiyo ya Austronesia, na safu ya ndugu nimeiacha tupu.