Taa nyeupe pe haionyeshi rangi halisi

"Fundi, nifungie ile nyeupe pe, inayoonyesha rangi halisi." Juma lililopita nimeambiwa hivyo mara tatu. Wa mwisho alikuwa dada mwenye duka la vitenge, aliyekwisha kununua taa ishirini za kelvini 6500 kabla hajaniita (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, weupe unaelekea buluu). Katika kazi hii ya kufunga taa sijaona imani inayowatia wateja hasara kama hiyo, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Weupe wa taa peke yake haukuhakikishii kwamba rangi utakazoziona chini yake ni halisi. Katika taa za LED karibu zote tunazonunua madukani, chipu yenyewe hutoa mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Juu yake umepakwa unga wa njano tunaouita fosfa. Itazame LED ikiwa imezimwa, vile vidoa vya njano ndiyo huo unga. Sehemu ya buluu inamezwa na unga na kutoka tena ikiwa njano, sehemu nyingine inapenya ilivyo. Jicho likipokea buluu na njano kwa pamoja, linaona nyeupe. Kampuni ya Nichia ya Japani ilianza kuuza LED nyeupe za namna hiyo mwaka 1996, miaka michache baada ya mhandisi wake Shuji Nakamura kupata LED ya buluu yenye nguvu. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa sababu ya buluu hiyo.

Sasa nyekundu iko wapi? Katika taa ya bei rahisi ni haba mno. Na kitenge chekundu hakina mwanga wake. Kinarudisha tu nyekundu iliyokifikia. Isipokifikia ya kutosha, nyekundu ya dukani inageuka damu ya mzee, mteja anaenda nacho nyumbani, anakitazama juani, kesho yake anakirudisha. Kelvini 6500 huongeza tatizo, kwa sababu taa ya namna hiyo ina buluu nyingi zaidi. Huo ubuluu ndio watu wanauita usafi.

Ulizia CRI, yaani alama hadi 100 ya jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, tena usiridhike na 80. Kipimo hicho hutokana na rangi nane zisizokolea, na nyekundu iliyokolea haimo kati ya hizo nane. Nyekundu hiyo ina alama yake, R9, na taa ya CRI 80 inaweza kuwa na R9 inayokaribia sifuri. Kwa duka la nguo, saluni, bucha au jikoni, mimi sifungi chini ya 90. Kwenye begi langu la vifaa kuna kipande cha kanga nyekundu, na sinunui taa kabla sijakiweka chini yake. Ukikosa kanga tumia kiganja: kikionekana cha mgonjwa, taa hiyo iache hapo hapo dukani. Dada wa vitenge tulimbadilishia zote ishirini kwa kelvini 4000, CRI 95.

Nakiri kwamba nyekundu nzuri ina gharama. Unga mwekundu wa kawaida hutawanya mwanga wake kwa upana, na sehemu yake huangukia nyekundu ya mbali ambayo jicho haliioni vizuri. Ndiyo maana taa ya CRI 90 mara nyingi hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) chache kuliko ya 80 kwa wati zile zile. Hapa ndipo nukta za kwantamu zinaponifurahisha. Ni vipande vya fuwele vya nanomita chache tu, na ukubwa ndio unaoamua rangi: katika kadimi selenidi, mojawapo ya mata zinazotengeneza nukta hizi, kipande cha nanomita 6 hivi hutoa nyekundu, kidogo zaidi hutoa kijani. Nyekundu yake ni nyembamba, inakaa pale jicho linapoiona. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2023 kwa nukta hizi, na kampuni ya Osram imekwisha kutoa LED ya CRI 90 inayozitumia juu ya chipu ya buluu. Ugumu uliopo ni kwamba joto, unyevu na oksijeni huziharibu, hivyo lazima zivishwe ganda la kuzikinga.

Wengine huniambia nukta zote zina sumu ya kadimi. Si zote. Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.01 ya kadimi katika vifaa vya umeme, kwa misamaha michache, na viwanda vingi vimehamia indiamu fosfidi, isiyo na kadimi.

Kuhusu televisheni iliyoandikwa QLED, nukta zake haziwaki zenyewe. Nyuma ya kioo kuna LED za buluu, na nukta zimo kwenye karatasi laini inayogeuza buluu hiyo. Nukta zinazowashwa moja kwa moja na umeme bado hazijafika sebuleni kwetu, maana zile za buluu huchoka mapema.

Wati nazo si mwanga. Wati ni umeme unaoliwa kwenye luku. Mwanga ni lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na LED ya wati 8 au 9 inazitoa.

Na "LED haifi" naisikia zaidi kwa watu wanaoshika taa iliyokufa mkononi. Saa 25,000 zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida huhesabu chipu kufifia hadi asilimia 70 ya mwanga wake. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni draiva, yaani saketi inayoilisha chipu umeme, hasa kapasita zake (vijisehemu vinavyohifadhi chaji), ambazo umri wake hupungua takribani nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kwa hiyo ukiifungia balbu ndani ya kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa, chini ya paa la bati, usimlaumu muuzaji. Toa kibakuli.