Mtoto wa Confucius hakuwa mtoto wa "ndiyo baba"

Kila ninapomaliza kuzungumza juu ya China ya kale, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa wa mzazi. "Mwalimu, si unaona? Wenzetu wameendelea kwa sababu mtoto wao habishani na baba." Ukumbi unapiga makofi, vijana wanainamisha vichwa. Mwaka huu nimeyasikia hayo mara nyingi mno, basi leo nayajibu.

Wajibu huo wa mtoto kwa wazazi, xiao, ulishika kila pembe ya maisha, hilo halina ubishi. Kuwatunza wazee, kuzaa mtoto wa kiume wa kuendeleza tambiko la ukoo, kuwaombolea wakifa: hayo nayapita. Ila maombolezo yanastahili neno moja. Yaliitwa ya miaka mitatu, ingawa zama za Ming na Qing, nasaba mbili za mwisho za wafalme wa China, hesabu yake ilikuwa miezi 27, na ofisa wa serikali aliyefiwa na baba au mama aliacha kazi akarudi kwao. Mwaka 1577 Zhang Juzheng, aliyeiendesha serikali ya Ming kwa niaba ya mfalme mdogo Wanli, alifiwa na baba yake akabakizwa kazini kwa amri ya kasri. Maofisa waliopinga walicharazwa viboko. Kumbuka walikuwa wakimpinga mkubwa wao, na walifanya hivyo kwa jina la xiao.

Sasa huo utii. Confucius ndiye mwanafalsafa wa China ya kale ambaye mafundisho ya xiao yanahusishwa naye, na katika mazungumzo yake yaliyohifadhiwa anasema mtoto akiona wazazi wanakosea awanasihi kwa upole. Wasiposikia, adumishe heshima wala asinung'unike. Wazazi wangu wa ukumbini hushika kipande cha mwisho na kuacha cha mwanzo. Haya, twende kwenye Kitabu cha Xiao chenyewe, kitabu chembamba cha sura 18 ambacho watoto wa shule walikikariri. Sura ya 15, Zengzi, mwanafunzi wa Confucius, anauliza: mtoto akifuata kila amri ya baba, je, hiyo ndiyo xiao? Confucius anang'aka. Maneno gani hayo! Mfalme mwenye mawaziri saba wa kumkosoa hapotezi dola hata akipotoka, na baba mwenye mtoto wa kumkosoa hatumbukii katika uovu. Palipo na uovu, mtoto hana budi kumpinga baba. Xunzi naye, mwanafalsafa wa mkondo huohuo aliyekuja baadaye, alisema wazi zaidi: ifuate haki, usimfuate baba.

Tena kuna kisa cha matikiti ambacho sichoki kukisimulia. Zengzi, yuleyule, alikuwa akipalilia akakata mizizi ya matikiti. Baba yake akamtwanga kwa gongo mpaka akazimia. Alipozinduka akachukua kinanda chake cha nyuzi akaimba, baba asikie kwamba mwana ni mzima. Mtoto bora, sivyo? Confucius alikasirika, akaamuru asiruhusiwe kuingia kwake. Fimbo ndogo ivumilie, gongo kubwa likimbie. Ungekufa ungemfanya baba yako muuaji, na hapo xiao iko wapi? Kama kisa kilitokea hivyo au kilipambwa na waliokuja baadaye, kwangu si hoja. Waliokisimulia walitaka mtoto ajue wakati wa kutimua mbio.

Hapo ndipo wazazi wanaponiletea mfano wa Guo Ju, kutoka katika visa 24 vya watoto wema vilivyokusanywa zama za nasaba ya Yuan. Guo Ju alikuwa fukara, na mama yake alimmegea mjukuu chakula chake kidogo. Akaamua kumzika mtoto akiwa hai ili bibi ashibe, na alipochimba shimo akakuta dhahabu. Mwandishi Lu Xun alieleza kwamba alipokisoma utotoni aliingiwa na hofu baba yake asije naye akataka kuwa mtoto mwema. Na serikali nayo iliogopa. Mwaka 1394 mtu aitwaye Jiang Bo'er alimuua mwanawe wa miaka mitatu kutimiza nadhiri ya kupona kwa mama yake. Mfalme Hongwu hakumpa tuzo. Alimpa viboko 100 na kumhamishia kisiwa cha mbali cha Hainan.

Lakini nisijifanye nimeshinda kesi. Sheria za nasaba ya Tang za mwaka 653 ziliuweka ukosefu wa xiao kati ya makosa kumi makuu. Kumtukana mzazi, kunyongwa. Kumshtaki mzazi kwa hakimu, isipokuwa kwa uhaini na machache ya jinsi hiyo, kunyongwa. Basi mkosoe baba, sawa, lakini akikataa uende wapi? Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wa fani hii wanaoigeuza sura ya 15 kuwa demokrasia ya sebuleni. Nina shaka ni watoto wangapi walithubutu kuitumia.

Zaidi ya hapo, iliandikwa kwa ajili ya wana wa kiume. Mke aliyeshindwa kuwatumikia wakwe aliweza kuachwa kwa sababu hiyo pekee, nayo maombolezo yake kwa baba aliyemzaa yalipunguzwa hadi mwaka mmoja alipokwisha kuolewa. Kwa hiyo mzee wa mstari wa mbele mwenye mabinti watatu, anayetaka tuige desturi ile yote kama ilivyokuwa, anijibu kwanza uzeeni atatunzwa na nani.