Kwa Nini Kuchemsha Hakuondoi Floraidi

Mama mmoja alikuja kwenye maabara yetu hapa Nakuru na chupa mbili za soda. Moja ilikuwa na maji ya kisima kirefu cha kwao, yenye floraidi, madini ambayo yakizidi hudhuru meno; nyingine maji yaleyale baada ya kuchemshwa mara mbili. Yote meupe, huwezi kuyatilia shaka. "Daktari, floraidi si imeisha?" Tulipopima, ile ya maji yaliyochemshwa ndiyo iliyozidi.

Sababu unaijua tayari kwenye chai. Ukitia sukari ukakoroga, chembe zake huachana mpaka kila moja izungukwe na maji. Sukari hapo ni kimumunyishwa, maji ni kimumunyishi, na vyote pamoja ni mmumunyo. (Wengi husema sukari imeyeyuka. Mimi neno hilo huliachia barafu, maana yenyewe hugeuka maji kwa joto tu.)

Sasa chukua maji ya mto Nyando, upande wa Kisumu, msimu wa mvua. Yana rangi ya chai ya maziwa. Yaache kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi utakuta matope mengi yametuama. Hayakuwa yamemumunyika, yalikuwa yanaelea tu, ndiyo maana hata kitambaa kizito huyapunguza. Mmumunyo hautuami hata ukikaa mwaka, na kitambaa huupitisha wote.

Floraidi ya Bonde la Ufa hutoka kwenye miamba ya volkano, ikamumunyika katika maji yanayokaa chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa mtungi wa lita 20 hizo ni miligramu 30, hazifiki hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka wakati meno yake yanaumbika, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakaisha. Ikizidi sana, hata mifupa huathirika.

Tuseme sufuria ina lita 2, kila lita miligramu 3. Jumla ni 6. Ukiacha itokote mpaka ibaki lita moja na nusu, mvuke umeondoka na maji peke yake. Zile 6 zimebaki, na sasa kila lita ina 4. Moto unaua vijidudu, kwa hiyo endelea kuchemsha, ila funika sufuria na uepue mapema.

Floraidi yenyewe huondolewa kwa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa maji yanapopita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Njia nyingine ni kuzimua. Yule mama ana tangi la maji ya mvua, ambayo huwa na floraidi kidogo mno, nikamwambia maji ya mtoto achanganye mitungi miwili ya mvua kwa mmoja wa kisima, kisha ayachemshe.

"Na Januari, tangi likikauka?"

Hapo, mama, ni mkaa wa mifupa.