Mshubiri, kitunguu saumu na sindano ya OTC: dhana potofu kuhusu tiba ya mifugo

"Nitumie nini badala ya antibiotiki?" Swali hili halikosekani kwenye maduka ya dawa za mifugo wala kwenye makundi ya wafugaji ya WhatsApp. Ni swali la maana, kwa sababu usugu wa dawa upo na unaongezeka. Kasoro iko kwenye majibu: watu hutaja jani kabla hawajauliza mnyama anaumwa nini.

Dhana: Mshubiri na pilipili kwenye maji hutibu mdondo

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi, kwa hiyo hapa hakuna hata cha kutafutiwa mbadala. Aliyetia mshubiri kwenye maji na aliyetia unga wa OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya mifugo) wako sawa tu. Kuku wachache watapona wenyewe, na dawa iliyokuwa bandani siku hiyo ndiyo itakayosifiwa. Wengi huanza kutibu nusu ya kuku wakiwa wameshakufa na ugonjwa unaelekea kuisha; hata maji matupu yangeonekana dawa.

Kinachofanya kazi ni chanjo. Ile ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa kuwalenga kuku wa vijijini, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na Tanzania huzalishwa nchini. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, wakubwa kwa vifaranga, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Bado inahitaji kuwekwa penye ubaridi na kivuli. Kustahimili joto si kukaa kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa. Kuku aliyekwisha kuugua hachanjwi apone. Na mnapochanja, chanjeni mtaa mzima, maana kuku wa jirani hawajui mpaka.

Dhana: Ng'ombe akipata homa, mdunge OTC

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomaliza dawa bure. Homa hiyo huweza kuwa ndigana kali, nayo haitokani na bakteria. Huletwa na kimelea kiitwacho *Theileria parva*, kinachoenezwa na kupe wa masikioni. Ng'ombe akishavimba matezi na kuanza kupumua kwa shida, OTC haitamwokoa. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo husaidia zaidi ikiwahiwa.

Hata hivyo OTC ina kazi moja halali kwenye ndigana kali. Katika chanjo yake, ndama huchomwa vimelea hai na wakati huohuo hupewa OTC ya kukaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa uje kwa upole na kinga ijengeke. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana. Dozi moja ya antibiotiki inayotolewa kwa mpango huu huzuia sindano nyingi za kubahatisha baadaye. Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe bado ni lazima, kwa kuwa kupe ana magonjwa mengine mfukoni.

Dhana: Dawa ya asili haina madhara

Utupa ni mti wa asili. Majani yake hupondwa kuua kupe, na ni hayohayo wavuvi walikuwa wakiyamwaga mtoni samaki waelee. Ukioshea ng'ombe utupa karibu na bwawa la samaki, utaona mwenyewe. Upande wa pili, penisilini ilitoka kwenye ukungu, na hiyo OTC inayoitwa "kemikali" asili yake ni bakteria wa udongoni. Cha kuuliza ni kipimo, mnyama anayepewa, na kinachobaki kwenye maziwa au nyama. Kwa majani mengi, hakuna anayekupa jibu la hayo matatu.

Dhana: Kitunguu saumu ni antibiotiki

Kwenye sahani ya maabara, maji ya kitunguu saumu kibichi huzuia bakteria wengi. Tumboni mwa kuku ni habari nyingine, maana kiungo chake kikali huharibika upesi. Kama nyongeza ya chakula, sawa. Kama tiba ya homa ya matumbo ya kuku iliyokwisha kuingia bandani, hapana.

Dhana: Ugonjwa wa kiwele, mwingizie asali au mafuta kwenye chuchu

Asali juu ya kidonda cha ngozi hufanya kazi kweli: sukari yake hunyonya maji, ina asidi, na hutoa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi. Lakini kiwele si kidonda cha nje. Chochote cha jikoni unachopitisha kwenye tundu la chuchu hubeba vijidudu vipya hadi ndani.

Mbadala wenyewe hauna mvuto wa kusimulia. Kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi uone mabonge. Osha na kausha kila ng'ombe kwa kitambaa chake. Mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho. Baada ya kukamua chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mpe majani asilale papo hapo tundu likiwa wazi. Kiwele kikiwa kimevimba kidogo tu na ng'ombe anakula, peleka sampuli kabla ya kudunga. Akiacha kula na maziwa yakawa kama maji, mwite daktari siku hiyohiyo.

Dhana: Ufugaji mkubwa hauwezekani bila antibiotiki nyingi

Mwaka 1987 wafugaji wa samaki Norwei walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Baadaye walianza kuchanja samaki mmoja mmoja kwa sindano na kupumzisha maeneo ya ufugaji. Leo wanazalisha zaidi ya tani milioni moja za samaki kwa mwaka, na antibiotiki imeshuka kwa zaidi ya asilimia 95. Hakuna jani lililohusika.

Dhana: Anayefuga kwa njia ya asili hagusi antibiotiki kabisa

Sheria za Umoja wa Ulaya za kilimo hai, yaani hiyo njia ya asili inayouzwa kwa lebo, zinataka mnyama mgonjwa atibiwe mara moja, kwa antibiotiki pia ikiwa njia nyingine hazifai, kisha siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama huongezwa maradufu. Marekani mnyama huyo hupoteza hadhi ya kilimo hai, ila mfugaji haruhusiwi kumnyima tiba ili ailinde lebo.