Kwadi ya mbio ya mtumba yenye sifa mbaya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mdogo wangu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ninayeishi naye mji mmoja huku Pennsylvania, alinitumia picha tatu usiku. Kwadi ya mbio, yaani pikipiki ya magurudumu manne, aina ya Cannondale FX400, plastiki bado zinang'aa, bei chee. Chini akaandika: "Kaka, si ndiyo ile wanayosema mbovu? Nichukue au niache?"

Nimekuwa fundi miaka mingi na swali la namna hii nalisikia kila majira ya joto. Majibu ya vijiweni yako tele, na mengi yanawatia vijana wetu hasara ya akiba waliyoikusanya kwa zamu za usiku.

Kwanza tuelewane. Pikipiki ya magurudumu manne iko ya kazi, ile ya kubebea mizigo shambani, na iko ya mbio: nyepesi, gia za mguu, klachi ya mkono, dereva mmoja. Ninayoizungumzia ni hii ya pili. Hununuliwa ikamuliwe, kwa hiyo ya mtumba mara nyingi imeshakamuliwa.

Dhana: "Mashine ikishajulikana ina ugonjwa, ikimbie."

Tazama Suzuki LT-Z400, iliyoingia sokoni mwaka 2003 na injini ya cc 398. Kila fundi anayezifungua anajua tenshona, kile kifaa cha kukaza taimingi cheni inayozungusha valvu za injini, inachoka. Cheni inaanza kugonga, na ukiipuuza itaruka na kukuharibia valvu. Lakini dawa yake nayo inajulikana: unatoa tenshona ya kujikaza yenyewe, unafunga ya kukazwa kwa boliti. Injini hiyo ni ndugu wa ile ya pikipiki ya DR-Z400, na Kawasaki na Arctic Cat waliiuza kwadi hiyo hiyo kwa majina ya KFX400 na DVX400. Spea zimezagaa. Ugonjwa wa namna hiyo unakupa nguvu ya kubishana bei, basi.

Kinachotisha ni ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi tena, au inauzwa na mtu mmoja tu. Hapo ndipo Cannondale inapoingia.

Dhana: "Watengeneza baiskeli watajulia wapi injini? Takataka tupu."

Hili naliona ni la dharau, na si haki. Cannondale walikuwa mabingwa wa baiskeli za alumini, makao yao Connecticut na kiwanda chao kikiwa Bedford, jimbo hili hili letu. Walipoamua kutengeneza pikipiki za mbio, hawakunakili ya mtu. Walichora injini yao wenyewe na kuigeuza kichwa: hewa inaingia kwa mbele, ekzosi inatoka kwa nyuma, moja kwa moja. Fremu ya alumini. Mafuta yanadungwa kwa kompyuta, hakuna kabureta. FX400 ilipotoka mwaka 2001, kwadi za mbio karibu zote zilikuwa bado na kabureta; Yamaha walifika hapo kwenye kwadi yao ya mbio, Raptor, mwaka 2006, walipoleta Raptor 700.

Tatizo ni kwamba ubunifu huo ulitoka kiwandani kabla haujaiva. Pikipiki zao za kwanza zilichelewa, zilikuwa nzito, na mfumo wa mafuta ulisumbua watu. Matoleo ya baadaye yalikuwa na nafuu, ila pesa iliwaishia njiani: Januari 2003 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Baiskeli zilipata mwenyewe mpya na zipo mpaka leo. Upande wa injini ulifungwa, na mali yake ikachukuliwa na ATK, watengeneza pikipiki wa Utah.

Kwa hiyo swali la mdogo wangu, mbovu au nzima, nililigeuza: pampu ya mafuta ikifa Julai, utaipata wapi, kwa siku ngapi? Kompyuta yake ikizingua, nani hapa mjini ana programu na waya wa kuiunganisha? Ya kwake ingekuwa Suzuki, majibu ningempa mwenyewe kwa dakika tano.

Dhana: "Inawaka na inatembea, basi nzima."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Masika yaliyopita nilimsindikiza jamaa kuangalia kwadi ya kampuni nyingine kabisa. Tulifika saa mbili asubuhi, umande bado umetanda juu ya kiti. Nikaweka kiganja kwenye injini: moto. Yule bwana alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Nikamwomba tuisubiri ipoe, tukakaa kwenye ngazi tukazungumza habari za mvua. Baada ya saa moja na zaidi ilipigwa starta mpaka betri ikaanza kulia, ndipo ikashika, na moshi wa buluu ukatoka nyuma. Injini ya moto inaficha mengi. Ringi zilizoisha na valvu zilizobana huzijua ikiwa baridi.

Kisha nikainua kiti, nikafungua boksi la fita ya hewa. Nikaitoa fita, nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaoelekea kwenye injini. Kilitoka na vumbi, na nilipolisugua katikati ya vidole lilikwaruza kama unga wa dona. Vumbi likishapita fita, limekwisha ingia kwenye silinda, na pale linafanya kazi ya msasa. Kwa dakika mbili hizo nilijua zaidi ya yote aliyotueleza muuzaji, na jamaa yangu alirudi nyumbani na pesa zake.

Mengine ni ya haraka. Oili ikiwa na kung'aa kwa fedha ukiimulika kwa tochi, ondoka. Maji ya rejeta yakiwa kama chai ya maziwa, ondoka. Tikisa magurudumu usikie beringi, na tazama viungo vya kuchomelea kwenye fremu kama kuna rangi mpya mahali pamoja tu.

Dhana: "Haijatembea sana." Kwadi nyingi za mbio hazina mita ya kilomita wala ya saa. Anayekwambia hivyo anakupa neno lake tupu. Tazama vikanyagio vilivyolika na meno ya sproketi.

Dhana: "Injini imefanyiwa ovahoo, ni kama mpya."

Imefanywa na nani, na risiti ziko wapi? Ovahoo ya kweli ina orodha: pistoni, ringi, gasketi, kipimo cha silinda, na kama shafti iliguswa au la. Mwenye risiti anazitoa kwa furaha. Asiye nazo, hesabu kwamba hakuna kilichofanyika, na toa bei kwa hesabu hiyo.

Dhana: "Nikishindwa nitaiuza vipande vipande." Kwa Suzuki inawezekana. Kwa mashine ambayo kiwanda chake kimefungwa, wanunuzi wa vipande ni wachache kama walivyo wauzaji, na utaishi na fremu gereji mpaka mkeo achoke. Waliosema rahisi inavunja upishi waliona mbali: ovahoo moja inaweza kupita bei uliyonunulia.

Dhana: "Ina magurudumu manne, hata mtoto ataimudu."

Hili silipuuzi hata kidogo. Huku Marekani kwadi ya ukubwa huu ni ya mtu wa miaka 16 na kuendelea, na hii Cannondale, ingawa jina ni 400, ina cc 432. Kwadi hupinduka, na ikikulalia ni uzito wa watu wawili na zaidi. Kiti ni cha mmoja. Ukiwa na nia ya kumpakia mwanao mbele, sitakusaidia kuitafuta.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: kama unataka chombo cha kuendesha kila Jumamosi, tafuta LT-Z400 yenye fita safi. Kama unaipenda Cannondale kwa jinsi ilivyo, una chombo kingine cha kuendesha, na uko radhi kukaa miezi ukisubiri spea, basi inunue kwa bei ya mashine isiyowaka, hata kama inawaka, na uulize kama inakuja na kitabu cha matengenezo na spea za akiba. Mwenye nayo wa muda mrefu huwa na boksi la spea chini ya meza, na mara nyingine boksi hilo lina thamani kuliko kwadi yenyewe.

Amechagua kwenda kuiona. Tunatoka Jumamosi alfajiri, na muuzaji ameshaombwa asiiwashe mpaka tufike.