Ahadi ya Daudi na kiti cha enzi: ufafanuzi kuhusu 2 Samweli 7

Idara yetu ya mafundisho ya Biblia imekuwa ikipokea maswali, na siku hizi malalamiko pia, kuhusu 2 Samweli 7, sura yenye ahadi ya Mungu kwa mfalme Daudi, inavyotumiwa katika migogoro ya kurithishana uongozi wa makanisa na huduma. Mwanzilishi anafariki, mtoto wake anasimama na aya ya 16, akidai kwamba uongozi ni wa ukoo wake milele na kwamba yeye ndiye mzaliwa wa kwanza; wazee wanasimama na katiba ya kanisa. Idara haina mamlaka ya kuamua mgogoro wa kanisa lolote, na maelezo haya yasichukuliwe kuwa yanaunga mkono upande wowote. Tunaeleza tu Maandiko yanasema nini kuhusu kiti cha Daudi na waliokikalia.

Aya ya 16 inaahidi nyumba na ufalme vitakavyodumu milele. Sawa. Aya ya 14 nayo imo humohumo: mzao akitenda maovu ataadhibiwa kwa fimbo ya binadamu. Aya ya 15 inaongeza kwamba fadhili hazitamwondoka kama zilivyomwondoka Sauli. Basi ukoo umeahidiwa kudumu, lakini hakuna mfalme aliyeepushwa kiboko. Masharti yanarudiwa wazi katika 1 Wafalme 2:4 na Zaburi 132:12: wana wa Daudi watakaa kitini wakilishika agano. Wapo wanaotuandikia kwamba 1 Mambo ya Nyakati 17, inayorudia ahadi hiyohiyo, haitaji fimbo. Ni kweli haitaji. Wafungue basi sura ya 28 ya kitabu hichohicho, aya ya 9, ambapo Daudi anamwambia Sulemani kwamba akimwacha Mungu atatupwa milele.

Dai la pili ni la mzaliwa wa kwanza. Kumbukumbu la Torati 21:17 inampa mafungu mawili ya mali ya baba yake. Mali. Kiti cha enzi kilikuwa na utaratibu wake, na 1 Wafalme 1 inauonyesha hatua kwa hatua. Adonia, mkubwa wa wana waliokuwa wamebaki, alijiwekea magari, wapanda farasi na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Akachinja kondoo na ng'ombe penye jiwe la Zohelethi, karibu na En-rogeli, akawaalika ndugu zake wote isipokuwa Sulemani. Yoabu mkuu wa jeshi alikuwa upande wake, na kuhani Abiathari pia. Alichokosa ni tamko la mfalme aliye hai.

Tamko hilo lilipopatikana, kwa kuingia kwa Bathsheba, mama wa Sulemani, na kisha nabii Nathani, mambo yalikwenda kwa mpangilio huu: Sulemani alipandishwa juu ya nyumbu wa mfalme mwenyewe, akateremshwa hadi chemchemi ya Gihoni, kuhani Sadoki akachukua pembe ya mafuta kutoka hemani na kumtia mafuta, tarumbeta ikapigwa, watu wakashangilia, ndipo akaketishwa kitini. Wageni wa Adonia walisikia kelele wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza kula. Wakatawanyika, naye akakimbilia kushika pembe za madhabahu. Msomaji makini ataona kwamba kiapo ambacho Bathsheba anamkumbusha Daudi, kwamba Sulemani ndiye atakayetawala, hakijasimuliwa popote kabla ya hapo. Wafafanuzi wamelijadili sana hilo, na ni haki yao. Mwandishi hakuona haya kuweka ahadi ya Mungu na siasa za ikulu katika sura moja.

Sasa adhabu, ambazo wengi hupenda kuziruka. Kwa makosa ya Sulemani, nabii Ahiya alirarua vazi jipya vipande kumi na viwili, akampa Yeroboamu, mtumishi wa Sulemani, kumi, ishara ya makabila kumi. Uzao wa Daudi ukaachiwa kabila moja ili taa yake isizimike Yerusalemu. Nzito zaidi ni hukumu ya Yekonia, mfalme wa Yuda wa ukoo wa Daudi, katika Yeremia 22. Hata angekuwa pete ya muhuri katika mkono wa kuume wa Mungu, angeng'olewa. Na aandikwe kama mtu asiye na watoto. Alipelekwa Babeli mwaka 597 KK. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa huko vinaorodhesha posho ya mafuta aliyopimiwa yeye, na wanawe watano. Watoto walikuwepo, basi. Aya ya 30 inajieleza yenyewe ikisomwa hadi mwisho: hakuna mzao wake atakayeketi katika kiti cha Daudi.

Mwaka 520 KK nabii Hagai anamwambia Zerubabeli, mjukuu wa Yekonia huyohuyo, kwamba Mungu atamfanya kama pete ya muhuri. Pete iliyong'olewa inarudishwa mkononi. Hata hivyo Zerubabeli alikuwa liwali chini ya Waajemi na hakuna andiko linalomwita mfalme.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Wayahudi katika Amida, sala yao ya kila siku, wanaendelea kuomba chipukizi la Daudi lichipue. Wakristo wanasoma Luka 1:32-33 kwamba kiti hicho amepewa Yesu. Mathayo anaandika nasaba ya Yesu inayopitia kwa Sulemani na Yekonia; Luka anapitia kwa Nathani mwana wa Daudi (si Nathani nabii, tafadhali). Jinsi nasaba hizo mbili zinavyokutana kwa Shealtieli, anayetajwa humo kuwa baba wa Zerubabeli, na kuachana tena ni somo refu, na idara italitolea maelezo yake peke yake.