Kura ya kijana hupotea kabla ya siku ya uchaguzi

Daftari la wapiga kura la Kenya la mwaka 2022 lilikuwa na watu 22,120,458. Wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, ingawa daftari zima liliongezeka kwa takriban watu milioni 2.5. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifanya usajili wa halaiki mara mbili. Oktoba 2021 ililenga wapiga kura wapya milioni 6 ikaambulia kama milioni 1.5. Januari 2022 ilirudi mitaani ikapata milioni 1 na ushei.

Hapo ndipo wengi walipokata shauri kwamba vijana hawajali siasa. Haikupita miaka miwili na nusu, vijana hao hao wakajaza barabara za Nairobi, Mombasa, Eldoret na miji mingine mingi kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya. Kiongozi anayetaka kura zao 2027 angefanya vyema kuyachunguza matukio ya Juni 2024 kwa makini, kwa sababu yanaonyesha wazi kinachowaamsha.

Kwanza, jambo lilikuwa na bei. Mswada ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000. Mtu alipiga hesabu yake mwenyewe dukani. Pili, lilikuwa na tarehe: mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo kila mtu alijua bunge lazima liamue kabla Juni haijaisha. Tatu, lilikuwa na mtu wa kuulizwa. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na mbunge wa eneo lako akatumiwa ujumbe kutwa kucha. Vijana waliufafanua mswada kwa lugha za mama kwenye TikTok, na wataalamu wa kompyuta wakatengeneza programu ya akili unde ya kujibu maswali kuhusu vifungu vyake.

Kisha likaja lililo muhimu kuliko yote: matokeo yalionekana haraka. Juni 18 kamati ya bunge ilitangaza kuiondoa kodi ya mkate na ya magari. Watu walipoona sauti yao imesogeza kitu, waliongezeka. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia bungeni. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale, na hakuna mwanasiasa anayepaswa kuzungumza na kizazi hiki kana kwamba hilo halikutokea.

Sasa linganisha na kampeni ya kawaida. Mgombea huleta lori la muziki, fulana na bahasha za pesa, kisha huahidi “ajira kwa vijana”. Ahadi hiyo haina bei, haina tarehe, wala haimtaji wa kuulizwa. Vijana huipokea bahasha, wakacheza muziki, na siku ya kura wakabaki nyumbani.

Ahadi inayoshika ni ile inayolingana na kiti. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita za kura siku moja, na kila kiti kina kazi yake. Leseni ya biashara, masoko, zahanati na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Vyuo vikuu na polisi viko chini ya serikali kuu. Mgombea wa uwakilishi wadi anayeahidi mikopo ya chuo kikuu anaahidi asichokishika, na vijana wa leo hulibaini hilo kwa dakika mbili kwenye simu. Akisema atapigania ada ya leseni ya vibanda ishuke, anaongea kitu ambacho bunge la kaunti lina uwezo nacho.

Halafu aifunge ahadi hiyo kwenye kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kundi la vijana likijua tarehe hizi linaweza kufika kwenye kikao cha maoni ya umma na ombi moja lililoandikwa. Kuja na maombi kumi na tano ni njia ya uhakika ya kutosikilizwa.

Lakini hasira na ari pekee hazipigi kura. Kati ya barabara na sanduku kuna vizingiti, na kura nyingi za vijana hupotelea hapo.

Cha kwanza ni kitambulisho. Karani wa IEBC anahitaji kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti; karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliwi. Mtu aliyeomba kitambulisho wakati usajili wa halaiki umeshaanza mara nyingi hukipata makarani wameshaondoka.

Cha pili ni kituo, na hiki huwaumiza zaidi wanafunzi. Kijana hujiandikisha karibu na chuo kwa sababu makarani wamekuja pale. Uchaguzi hufanyika Agosti, chuo kikiwa kimefungwa, yeye yuko kwa wazazi, safari ya kilomita mia kadhaa. Kura hupigwa kituo ulichojiandikisha tu. Kabla ya kuweka alama za vidole, jiulize utakuwa wapi Jumanne ya pili ya Agosti. Aliyekwishakosea anaweza kuomba kuhamishwa, na ombi hilo hupelekwa kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge analohamia, mapema, kwa sababu daftari hufungwa muda kabla ya uchaguzi ili likaguliwe.

Cha tatu ni imani kwamba mambo yameshaamuliwa. Hapa hesabu husaidia kuliko hotuba. Katika kura ya urais ya 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na mpinzani wake Raila Odinga 6,942,930, tofauti ya 233,211, huku watu zaidi ya milioni 7 waliojiandikisha wakikosa kupiga kura. Na mwaka 2017 kule Igembe Kusini, John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge akiwa na miaka 23, mgombea huru, akifanya kampeni kwa miguu na kwa bodaboda. Mgombea huru wa ubunge huhitaji wapiga kura 1,000 wa eneo hilo wanaomuunga mkono, na mwaka 2022 ada ya vijana kwa kiti hicho ilikuwa shilingi 10,000, nusu ya ada kamili.

Usajili wa kila siku ulirejea Septemba 29, 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Anayetimiza miaka 18 kabla ya siku hiyo aombe kitambulisho wiki hiyo hiyo, kikitoka aende moja kwa moja kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge atakalopigia kura, asingoje hema la makarani lije mtaani.